Mgonjwa hajipeleki, hupelekwa

Asalaam aleykum mhariri na wasomaji wenzangu. Suali lenu la wiki hii mmeuliza nini humfanya mtu mwenye maradhi ya akili aende kwa wataalamu na nini humzuia, halafu chini mkaongeza jee masheikh na waganga nao waingizwe ndani ya matibabu. Najua wengi watajibu ushirikina na elimu ndogo, wakamaliza. Mie sikatai, lakini suali lenyewe naliona limekaa kama kwamba mgonjwa ndo anaamka asubuhi, anavaa makubadhi yake, anakwenda kukata cheti. Kwetu huku Pemba haiko hivo. Mgonjwa hupelekwa. Na anompeleka ana sababu zake mwenyewe, tena mara nyingi sizo zile za mgonjwa.

Mie ni mshoni tu, niko Wete, si dokta wala nesi. Lakini mtoto wa kaka yangu anaugua toka yuko skuli na mie ndo nnokaa nae, na kwa hilo majirani wakipata mtihani kama wangu hunijia usiku usiku, mlango ushafungwa, wananong'ona. Kwa hiyo haya nnosema nimeyaona majumbani mwa watu.

Anza na nani mwenye kauli. Kijana akianza kusema peke yake na kuamini watu wanamfuata, kwanza hukaa kikao. Baba mdogo, mjomba, bibi, na yule mwenye pesa hata kama yuko Unguja au Oman atapigiwa simu asikilizwe yeye kwanza. Mgonjwa haulizwi. Sasa akiwa mgonjwa ni mwanamke alieolewa ndo balaa zaidi, maana upande wa mume husema mrudisheni kwao wakamtibu, na kwao husema alitoka hapa mzima mliomharibu nyie, basi maskini anakaa katikati ya nyumba mbili na hakuna anotoa nauli. Nimeona hilo na linaniudhi mpaka leo kuliko hayo mambo ya majini.

Na kinochofanya kikao kiamue haraka ni kelele. Huyu mwanangu siku alopiga mawe dishi la watu, halafu magharibi akaingia msikitini na viatu akasimama pale anaposimama imamu, gari ilipatikana jioni ileile, wanaume wakajitolea wa kumshika, hata petroli hatukudaiwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa muda mrefu kajifungia chumbani haogi, hali, anaandika ukutani, na hakuna alosema tumpeleke, kwa sababu alikuwa hasumbui mtu. Wakisema "kijana wa watu kapoa, kashika dini". Na mwanamke ndo kabisa. Akijifungua akawa hasemi, anamuangalia mtoto analia kama mtoto wa jirani, wataambizana kawa mpole, kaacha umbea. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 katika kila 5 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, na zaidi ni sonona, yaani huzuni nzito isomtoka mtu. Mtaani kwetu hesabuni wenyewe mlozaa nao mwaka mmoja, wangapi mmesikia wamepelekwa kwa sonona? Mie sijasikia hata mmoja. Wao maradhi yao hayavunji dishi la mtu.

Hilo suala la kupata au kutopata matibabu si letu peke yetu lakini sie limetukalia vibaya. Ripoti ya hao hao Shirika la Afya ya 2022 inasema wenye saikosisi, yaani wale wanosikia sauti na kuamini mambo yasokuwepo, katika nchi tajiri 70 katika 100 wanapata matibabu, katika nchi masikini ni 12 tu. 12! Hao 88 wengine wako nyuma ya nyumba.

Halafu posa. Haya maradhi makubwa, skizofrenia hasa, ilo moja ya hizo saikosisi, huanza ujanani, miaka ya mwisho ya skuli mpaka ishirini na kitu, umri uleule ambao dada zake na yeye mwenyewe ndo wanatizamwa. Watu wakija kuposa huuliza ukoo, na ukionekana kliniki ya akili umeshaharibia na wadogo zako watatu. Siku ya kliniki inajulikana, benchi linajulikana, na alokaa dirishani pengine ni shoga yake wifi yako. Ndo maana utakuta mtu wa Wete anakwenda Chake, wa Chake anakwenda Unguja, nauli juu ya nauli, ili tu asionwe. Na Unguja nako ukisema Kidongo Chekundu, spitali ya akili, watoto wa skuli wanatukanana kwa jina hilo. Kuna mama mmoja yeye anachukua dawa za kijana wake siku moja na za kifafa za bintie, akiulizwa barazani anasema nakwenda kwa ajili ya kifafa. Na kifafa chenyewe watu wanakisema vibaya, lakini ameona afadhali.

Sasa waganga. Watu wa mjini wanaposema watu wa shamba wanakwenda kwa waganga kwa sababu ni wajinga huwa nataka nicheke. Bibi yangu alipokuwa msichana hapakuwa na dawa ya haya maradhi popote duniani, zile za mwanzo za kutuliza zimeanza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Alitaka aende wapi? Alikwenda kusomewa, akanywa kombe, yale maji yalooshea aya za Qurani, akafushwa, na akipandisha jini akaitiwa fundi, yaani mganga wa majini, akapungwa. Ndo njia ilokuwepo na njia ikishapitwa na vizazi haifutwi kwa bango la Wizara.

Na mganga ana mambo ambayo spitali hawana. Anakuja nyumbani. Anakaa mkekani anakula nanyi. Anasikiliza kila mtu mpaka watoto. Na anakupa sababu isokutia aibu: mwanao hana kasoro, kuna kitu kimemjia kutoka nje, kitatoka. Dokta wetu kwa foleni ile anakuona dakika chache, anaandika, "mwengine". Hata jina la maradhi sikuambiwa mpaka nilipouliza mwenyewe, na nimeuliza kwa sababu mdomo ninao, kuna wazee hawawezi kumuuliza dokta.

Halafu watu husema umasikini. Mhh. Matibabu ya spitali za Serikali Zanzibar yalitangazwa bure toka enzi za Mzee Karume, wakati mganga anataka mbuzi, ubani, marashi, kitambaa cha rangi, na pesa ya ngoma juu, na nawajua waliouza ng'ombe. Sasa kwa nini mtu auze ng'ombe kwa mganga halafu ashindwe nauli ya gari ya shamba? Kwa sababu mganga amemwambia siku saba tunamaliza. Dokta amemwambia dawa hizi mwezi, rudi mwezi ujao, na pengine miaka. Mtu anaweza kuuza ng'ombe mmoja kwa kitu chenye mwisho. Nauli ya kila mwezi isokuwa na mwisho ndo inamshinda, na mtu wa kumsindikiza kila mwezi maana mgonjwa haendi peke yake, na siku hiyo hujashona, hujavua, hujapanda. Msimu wa karafuu kliniki huwaona wengi, wana pesa mkononi, msimu ukipita wanapotea, wakirudi hali imeshakuwa mbaya na kamba mkononi. Na mara nyingine umefika na nauli yako umekopa, unaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Hapo hata mie ninoamini spitali huwa natamani yule mganga, yeye ubani haujapata kumwishia.

Lakini kuna jambo moja sijaona likiandikwa na nadhani ndo linorudisha watu wengi kwa waganga kuliko mengine yote. Mwanangu alipopigwa sindano ya kwanza, haloperidol, dawa ya kutuliza hizo sauti, siku ya pili yake shingo ilimpinda, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka, hawezi kusema. Nyumba nzima walipiga kelele. Mjomba wake akasema mmeona, jini halitaki sindano, mtamuua mtoto. Na wallahi ukiangalia kwa macho ni hivohivo, ndo sura ya mtu alopandisha. Wakamchukua usiku ule kwa fundi. Kumbe ni kitu kinajulikana, dawa hizo hukaza misuli kwa baadhi ya watu, zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo mwanzo, na kuna dawa ya kukilegeza, Artane, wanayo hapohapo, na akipewa dawa ya namna hiyo ya sindano shingo hurudi haraka. Alonieleza ni nesi mmoja mtu mzima, baadae sana. Nusu dakika ya maneno siku ile ya mwanzo, "mama ukiona shingo inapinda usiogope mrudishe", ingetuokolea msimu mzima, kwa sababu mjomba baada ya pale alikataa katakata na pesa alikuwa nazo yeye. Halafu dokta wengine wakimuona mgonjwa karudi na chale za mganga humgombeza mama mtu mbele za watu. Mara ya pili haji tena, nani anataka kwenda kutukanwa?

Kilichotuweka sie mpaka leo ni sindano ya mwezi, hii wanoita Modecate. Vidonge alikuwa anavificha chini ya ulimi anavitema nyuma ya mlango. Sindano inakwisha, tunakwenda zetu nyumbani, na hakuna ugomvi wa kila siku. Inamchosha, amenenepa, mara nyengine mikono inatetemeka, sitaki kuwadanganya kuwa ni raha. Lakini anakwenda shamba na anakumbuka jina langu.

Mwezi wa Ramadhani nao ni mtihani wake. Watu wanawacha dawa kwa ajili ya funga, wengine kwa sababu dawa ya usingizi inampitisha daku. Hawaulizi. Na mgonjwa kafunguliwa mlango na dini yenyewe, na dawa nyingi dokta anaweza kukupangia futari na daku, lakini lazima uulize kabla mwezi haujaandama, maana wale wa lithium, dawa ya kutuliza akili inopanda na kushuka, kukaa na kiu mchana kutwa kunaweza kuwadhuru. Mfunguo mosi ndo utaona wengi wanaletwa. Vijana wa unga siwasemi, hao wana mambo yao na sober house zao, nyumba za kuachia unga, ila nao watu huwachelewesha kwa kusema ni unga tu huo, hata pale unga umekwisha na sauti zimebaki.

Sasa suali lenu la chini, la masheikh na waganga. Mie nasema waingizwe. Wanosema dini haitaki spitali za akili hawajui dini yao, Mtume (s.a.w.) amesema hakuna maradhi alioteremsha Mungu ila ameteremsha na dawa yake, na Cairo mwaka 1284 ilijengwa spitali ya Sultan Qalawun na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao ndani. Wazungu hawajaja hapo. Na karibu na zama zetu kuna dokta wa Nigeria, Lambo, mwaka 1954 pale Aro, Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyo karibu na spitali, kila mgonjwa na jamaa yake wa kumpikia, mchana wanapata dawa, na waganga wa kienyeji akafanya nao kazi. Zimbabwe nako dokta Chibanda toka 2006 amewafundisha mabibi, watu wazima wa mtaani, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kituo cha afya wanamsikiliza shida zake na kumsaidia kuzipangua, na utafiti uliotoka 2016 ulionesha walokaa na hao mabibi walipata nafuu zaidi kuliko walopewa huduma ya kawaida. Hilo la mabibi lingetufaa sana kwa wale wanawake wanyamavu nlowasema, maana bibi anaingia chumbani kwa mzazi bila ya kuulizwa umefuata nini. Dokta hawezi.

Ila masharti yangu mie: asomewe, anywe kombe, avae hirizi akitaka, lakini dawa asiachishwe. Na pasiwe na mnyororo. Sheikh wetu mmoja huku anafanya hivo, ukimpeleka mgonjwa anakuuliza kwanza dawa yake ya spitali kala leo, kama hajala hamsomei. Watu wamemkasirikia mwanzo, sasa wanakwenda kwake na kadi ya kliniki mkononi.

Tatizo ninolioona ni moja na ningependa wa Wizara akisoma hapa ajibu. Huyo sheikh anatumia petroli yake na simu yake kuwafata watu, na yule nesi alonieleza habari ya shingo amestaafu, hakuna alochukua pahala pake kwenye kuzungumza na watu. Wakifundishwa wengine, masheikh kumi au mabibi kumi kwa kila wilaya, nani atawalipa nauli?