Re: Kasi ya poti ya siriali inarudi 9600 kila mara

Ndugu, umeuliza kwa nini ukiandika `stty -f /dev/cuau0 115200` kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD ili poti ya siriali iende kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, amri inapita bila kosa, lakini ukiangalia tena kasi imerudi 9600. Poti yako ni nzima. Amri ya stty huifungua poti, huibadilisha, kisha huifunga. Na FreeBSD hurejesha mipangilio ya mwanzo pale programu ya mwisho inapoifunga.

Dawa ni kuishikilia poti wazi (hapa kwa namba 3) wakati unaibadilisha na kuisoma:

`exec 3<>/dev/cuau0`
`stty 115200 raw -echo <&3`
`cat <&3`

Hakikisha echo, yaani kurudisha kila herufi inayopokelewa, imezimwa, nakusihi; kwenye FreeBSD `raw` peke yake huizima, na `-echo` ni ya kuhakikisha tu. Ikibaki imewashwa, kila herufi inayotumwa na kifaa kilichounganishwa kwenye poti hurudishwa kwake hapo hapo. Nacho huiona kama amri, hujibu kwa ujumbe wa kosa, na ujumbe huo nao hurudishwa. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta hitilafu kwenye waya, kumbe mashine mbili zinajibizana zenyewe.

Ukitaka mpangilio udumu, andika kwenye faili ya `.init`, inayoshika mipangilio ya mwanzo ya poti: `stty -f /dev/cuau0.init 115200`. Kila atakayeifungua poti baada ya hapo ataikuta na kasi hiyo. Ukiwasha upya kompyuta inapotea, kwa hiyo iweke kwenye skripti ya kuwakia.

Kwenye Linux, badala ya `-f` ni `-F`, herufi kubwa.

Ukiona herufi za ajabu hata baada ya haya, hakikisha kwanza kasi ya upande wa kifaa, kisha pariti (biti ya kukagua makosa), ambayo lazima ilingane pande zote mbili.