Maswali yenu: kokasi, wajumbe na nani aungwe mkono Minnesota

Barua zimejaa, na nyingi zinaonyesha jambo moja: watu wetu wanaingia kwenye siasa za jimbo mwezi Oktoba, wakati mambo yalishaamuliwa Februari na watu arobaini waliokaa kwenye chumba cha darasa, kwenye kokasi, yaani kikao cha chama cha kata kinachochagua wajumbe wa mkutano. Nimechagua maswali yanayofaa wengi. Ninapotaja DFL nina maana ya Democratic-Farmer-Labor, yaani Democrats wa hapa Minnesota; House ni Baraza la Wawakilishi la jimbo.

Mgombea wetu wa House aliidhinishwa na chama Aprili. Mbona naambiwa kuna kura nyingine Agosti? Si alishapita? (Baba Neema, Brooklyn Center)

Hajapita. Idhini ni wajumbe kusema, "Huyu ndiye wetu." Tiketi yenyewe inatolewa na wapiga kura kwenye mchujo, yaani kura ya kuchagua mgombea wa chama, Jumanne ya pili ya Agosti, na yeyote mwenye sifa anaweza kulipa dola 100 za kujiandikisha kugombea bunge la jimbo akaingia humo. Mwaka 2018 mkutano wa DFL ulimwidhinisha Erin Murphy kugombea ugavana. Agosti Tim Walz akamshinda. Mwaka 2010 idhini ilikwenda kwa Margaret Anderson Kelliher. Mark Dayton akaupita mkutano kando, akachukua mchujo, kisha akawa gavana.

Idhini ina uzito, lakini. Mgombea anapata orodha ya wapiga kura ya chama, jina lake linaingia kwenye karatasi ya mfano ya kura ambayo chama hugawa, na watu wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba wanamfanyia kazi yeye. Eneo moja la uchaguzi la House lina watu kama 42,500, na wanaojitokeza Agosti ni sehemu ndogo tu ya hao. Kwa hiyo kikundi kinachoanza milango wiki ile ile baada ya mkutano kina nafasi kubwa ya kuamua mshindi. Kinachosherehekea hadi Julai kinashangaa matokeo.

Nyongeza ambayo hukuuliza: kabla ya mkutano, mtakeni kila mgombea aseme kwa maandishi kama ataheshimu idhini na kujiondoa asipoipata. Anayejibu "nitaona" amewajibu.

Nina green card. Siruhusiwi Novemba, najua. Lakini mchujo wa Agosti je? (F., St. Cloud)

Hapana. Wala usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura hata kama mtu wa kampeni amekuwekea kalamu mkononi. Asiye raia akipiga kura, au akidai kuwa raia ili ajiandikishe, anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia baadaye, na kuondolewa nchini. "Sikujua" haimwokoi mtu mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Unachoruhusiwa ni kingi: kubisha hodi bila malipo, kupiga simu, kutafsiri vipeperushi, kupika siku ya mkutano. Kwa kuwa una green card unaweza pia kuchangia pesa zako mwenyewe. Mwenye visa ya masomo au ya kazi, au mkimbizi ambaye green card bado haijatoka, asitoe hata dola moja kwa mgombea wa ngazi yoyote, na asikae kwenye kikao kinachoamua matumizi ya kampeni. Viongozi wa kampeni wanaowapitishia wageni bahasha bila kuuliza hili wanawaweka watu hatarini, na wasikingiwe kifua.

Nilikwenda kokasi mara ya kwanza. Tukaambiwa tugawanyike vikundi, watu wakahamahama ukumbini, mwisho kundi letu likapata mjumbe mmoja. Tulidhulumiwa? (Mama wa wawili, Brooklyn Park)

Hamkudhulumiwa, mama. Mlizidiwa hesabu, na hesabu yenyewe inajifunzwa kwa dakika kumi.

Chukua kata yenye watu 48 ukumbini na nafasi sita za wajumbe. Gawanya: kila mjumbe ana thamani ya watu wanane. Kundi lisilofika wanane halitoshi. Litavunjika au litajiunga na jingine. Tuseme yamebaki matatu: la kwanza watu 20, la pili 17, la tatu 11. La kwanza linapata wajumbe wawili na baki ya watu wanne. La pili wawili na baki ya mmoja. La tatu mmoja na baki ya watatu. Hapo wamepatikana watano, na nafasi ya sita inakwenda kwa mwenye baki kubwa, yaani kundi la kwanza, linalofikisha watatu.

Sasa watu wawili tu wa kundi la kwanza wahamie la tatu. Yanakuwa 18, 17 na 13. La kwanza baki ni wawili, la pili mmoja, la tatu watano. Nafasi ya sita imehama, na kila kundi limetoka na wajumbe wawili. Mtu mmoja wenu akae na kalamu akipiga hesabu hii mwenyekiti anapotangaza idadi, na mwingine aende kuzungumza na kundi dogo linalokaribia kuvunjika. Watu wa kundi hilo wanataka mwakilishi wao mmoja kwenye orodha yenu. Mpeni, mchukue watu wake. Saa ikishapigwa na vikundi kufungwa, hakuna kuhama tena.

Mkishachaguliwa, andikeni majina, simu na barua pepe kwa herufi kubwa zinazosomeka. Wajumbe wengi hupotea hapo, kwa tarakimu moja ya simu iliyokosewa. Barua ya mwaliko haifiki, na jina halionekani mezani siku ya mkutano.

Halafu kuna mkutano wenyewe, Jumamosi ya Machi au Aprili, ambako mgombea wa House anahitaji asilimia 60. Wakiwa wajumbe 120 wanaopiga kura, hiyo ni 72. Mwenye 70 hana idhini, na raundi zinaendelea. Kufika saa tisa alasiri watu wana watoto, wana zamu, wana njaa, wanaanza kutoka mmoja mmoja. Kambi iliyo nyuma haihitaji kushinda, inahitaji wenzake wachoke: italeta hoja ya kanuni, itaomba akidi ihesabiwe, itapendekeza mkutano ufungwe bila kuidhinisha mtu. Kwa hiyo pangeni mapema mtu wa kulea watoto, chakula cha mchana na cha jioni, na magari ya kurudi. Mjumbe wa akiba aende pia, asubuhi, akae hadi mwisho; mjumbe akiondoka, yeye ndiye anayeingizwa, na akiwa nyumbani kura hiyo imekufa.

Bosi wangu wa nursing home amesema hakuna ruhusa ya kwenda kokasi. (Mhudumu, Anoka)

Sheria ya jimbo inakupa ruhusa hiyo. Mpe taarifa ya maandishi angalau siku kumi kabla. Anaweza kukukata malipo ya saa ambazo hukufanya kazi, basi, hawezi kukuadhibu. Kokasi huanza saa moja jioni, kwa hiyo andika hivi: "Jumanne tarehe fulani nitahudhuria kokasi ya chama kuanzia saa moja jioni, kwa mujibu wa kifungu 202A.19 cha sheria za Minnesota." Tuma kwa barua pepe na ubaki na nakala. Kumwambia msimamizi kwenye korido hakuhesabiki.

Na uende. Bodi ya kupanga viwango vya kazi katika nyumba za wazee iliundwa na bunge la 2023, Seneti ilipokuwa DFL 34 kwa Republican 33. Mlipaswa kuwa wengi kwenye vyumba vile kuliko mtu mwingine yeyote.

Tunataka kumfanyia mgombea harambee. Kikapu kipite, na kampuni yangu ya homecare itoe dola 2,000. Jumuiya yetu pia itangaze kumuunga mkono. (Mwenyekiti, hakutaja mji)

Ndugu mwenyekiti, simamisha yote matatu.

Kikapu: mchango wa zaidi ya dola 20 usio na jina mgombea haruhusiwi kubaki nao, lazima uende kwenye bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni. Noti za hamsini zilizokunjwa zikitumbukizwa kikapuni zinamletea mweka hazina kazi na aibu. Weka meza mlangoni, fomu ya jina, anwani na kiasi, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Kampuni: ni marufuku kwa kampuni kumchangia mgombea, LLC ikiwemo, na ni kosa la jinai. Toa kutoka akaunti yako binafsi, na kwa mgombea wa House mwisho ni dola 1,000 kwa kipindi cha uchaguzi cha miaka miwili. Usimpe shemeji dola elfu nyingine achangie kwa jina lake. Hilo nalo ni kosa.

Jumuiya: kama imesajiliwa kama 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilotozwa kodi, haimuungi mkono mgombea yeyote, si kwa barua, si kwa ukurasa wa Facebook, si kwa mwenyekiti kusimama kwenye sherehe ya uhuru na kusema "sisi kama jumuiya". Mnaweza kuandaa mdahalo mkialika wagombea wote kwa maswali yale yale, na mnaweza kuandikisha watu kura bila kutaja chama. Wewe kama raia unga mkono umtakaye kwa jina lako. Mnaotaka sauti ya pamoja, anzisheni kamati ya kisiasa iliyosajiliwa. Ikikusanya au kutumia zaidi ya dola 750 ina siku 14 za kujiandikisha.

Kuna jambo jema ambalo watu wetu hawalitumii. Tangu 2024 mchango wa hadi dola 75 kwa mtu, au 150 kwa mume na mke, unaweza kurudishwa na jimbo, iwapo mgombea amesaini makubaliano ya ukomo wa matumizi na amekupa risiti rasmi. Bunge limewahi kuusimamisha mpango huu, basi mweka hazina athibitishe kama bado upo kabla hamjawaahidi wazee.

Kuna kaka yetu anagombea. Mbona ninyi wanaharakati wa mrengo wa kushoto mmemuunga mkono mtu mwingine? Mtu wetu si mtu wetu? (Wengi sana)

Swali hili linakuja kila msimu, na mara nyingi anayeuliza hajasoma hata ukurasa mmoja wa msimamo wa huyo kaka. Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliingia House kutoka Brooklyn Park kwa uchaguzi wa Novemba 2024, na ni jambo la fahari. Lakini kuzaliwa Kisii au Kigoma si ajenda. Bunge lile lile lililotupa leseni za udereva bila kuulizwa karatasi za uhamiaji mwaka 2023, na saa moja ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 za kazi, mwaka 2025 liliwaondolea MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, watu wazima wasio na karatasi, House ikiwa imegawanyika 67 kwa 67. Kwenye bunge la namna hiyo kura moja ni maisha ya mtu, na mimi nataka kujua itakwenda wapi.

Ndiyo maana vikundi makini hutuma fomu ya maswali kwanza, kisha mahojiano, kisha wanachama wanapiga kura. Fomu nyingi za jumuiya zetu hazifai, kwa sababu zinauliza, "Unaunga mkono afya kwa wote?" Hakuna aliyewahi kujibu hapana. Ulizeni hivi: "Utapiga kura kuwarudishia MinnesotaCare watu wazima wasio na karatasi, hata kama viongozi wa chama chako wamekubaliana na Republican kuiacha? Ndiyo au hapana." Ulizeni ni vikundi gani vingine vimemwidhinisha, nani wachangiaji wake wakubwa, na kama atakutana nanyi kila baada ya miezi mitatu akishaapishwa. Majibu yawe ya maandishi, na mwambieni mapema kuwa mtayachapisha.

Msiidhinishe wawili kwenye kiti kimoja ili msimuudhi mtu. Msiidhinishe Desemba kwa sababu alikuja kwenye nyama choma. Na msimpe idhini bila kumwambia mtamletea nini: wajumbe wangapi, milango mingapi kwa wiki, kwa lugha zipi. Mgombea anayejua kuwa wajumbe kumi na wawili wa chumba kile ni wenu anapokea simu yenu Januari. Aliyepata picha tu hana sababu ya kuipokea. Akivunja neno, toeni tamko la kuondoa idhini kwa jina na tarehe, si kunung'unika WhatsApp.

Baada ya yale ya Minneapolis 2025, idhini zina maana gani? (Msomaji, Minneapolis)

Zina maana ile ile, ila hesabu lazima ilindwe. Julai mwaka ule mkutano wa jiji ulimwidhinisha seneta wa jimbo Omar Fateh kugombea umeya. Agosti chama cha jimbo kikaifuta idhini, kwa kuwa mfumo wa elektroniki ulipunguza kura za raundi ya kwanza na mgombea mwingine, DeWayne Davis, akaondolewa kimakosa. Novemba Jacob Frey akabaki meya. Wafuasi wa Fateh walikuwa na haki ya kukasirika. Hasira ile ielekezwe kwenye kamati za kanuni na za kuhakiki wajumbe, ambazo hukutana wiki kadhaa kabla na ambako hakuna mtu wetu anayejitolea. Daini kura za karatasi ziwe tayari hata kama kuna mashine, na idadi ya kura ilinganishwe na idadi ya walioketi kabla ya mgombea yeyote kuondolewa.

Tulishindwa mchujo, vijana wamekata tamaa. (Kiongozi wa kikundi, Minneapolis)

Kwenye kiti cha House cha 60B, cha Minneapolis, Mohamud Noor alishindwa na Phyllis Kahn mwaka 2014. Mwaka 2016 Ilhan Omar akamshinda Kahn, aliyekaa bungeni tangu 1973. Mwaka 2018 Ilhan alipogombea Congress, bunge la taifa, Noor akakichukua kiti. Hifadhini orodha za simu.

Naishi Hudson, Wisconsin. Naweza kuwa mjumbe huko Minnesota?

Hapana. Kubisha hodi, karibu.

Siku ya mchujo nichague wagombea wazuri wa vyama vyote viwili? (Kijana, Rochester)

Hapana. Minnesota hujiandikishi kwa chama, lakini kwenye mchujo unabaki safu ya chama kimoja. Ukivuka, kura zako za sehemu hiyo hazihesabiwi.

Sijajiandikisha kupiga kura na siku imefika. Nimechelewa?

Limejibiwa mara nyingi: hujachelewa, unajiandikisha kituoni siku hiyo hiyo. Kama kitambulisho chako hakina anwani mpya, nenda na jirani aliyejiandikisha kwenye kata hiyo hiyo akuapie. Mtu mmoja anaweza kuwaapia hadi wanane, lakini aliyeapiwa hawezi kumwapia mwingine, basi pangeni nani anakwenda na nani kabla ya kutoka nyumbani.