Jibu: Seva ya skuli kuwashwa kwa picha ya diski isiyoandikika

Sheikh, umeuliza kama seva ya skuli yenu hapo Wete inaweza kukaa kwenye picha ya diski ya kusomwa tu (yaani nakala ya mfumo mzima ndani ya faili moja lisiloandikika), ili umeme ukikatika ghafla isigome kuwaka tena. Inaweza, na mimi hapa Chake njia nyengine nimeshaziacha.

Mfumo mzima unabanwa ndani ya faili moja la SquashFS, aina ya mfumo wa faili wa Linux uliobanwa, wa kusomwa tu. Hakuna kinachoandikwa humo, kwa hivyo umeme na ukatike mara kumi kwa siku, lenyewe halidhuriki. Juu yake Linux inaweka tabaka la OverlayFS, linalofanya tabaka mbili za faili zionekane kama moja, nalo limo ndani ya keneli (kiini cha Linux) tangu 2014: ukibadilisha faili, nakala yake inapandishwa tabaka la juu, la chini linabaki vile vile. Tabaka la juu ukiliweka kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa, kila ukizima na kuwasha mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Raha yake hiyo, na balaa lake ndilo hilo hilo. Niliwahi kubadilisha nywila zote usiku, asubuhi nikakuta zimerudi za zamani!

Basi alama za wanafunzi zisikae humo kabisa. Zipe patisheni yao (sehemu ya diski iliyotengwa) ya ext4, mfumo wa faili unaoandikika, na UPS (betri ya akiba) usiiache, maana picha hailindi data. Logi nazo (faili za matukio ambazo seva inaziandika yenyewe) ziwekee kikomo, la sivyo zitaijaza RAM seva igande.

Ukitaka wepesi, anza na Alpine Linux, aina ndogo ya Linux inayoweza kukaa kwenye RAM vivyo hivyo, ukiiwasha kwenye flashi. Ila kila ukigusa mipangilio andika "lbu commit", amri ya kuyahifadhi mabadiliko kwenye flashi, ama imepotea.