Gari Limeitwa Lirudi: Maswali Yenu Kuhusu Pampu na Nozeli za Mafuta

Nimepata barua kwamba nipeleke gari kwa wakala likabadilishwe pampu ya mafuta. Mbona linawaka vizuri tu? Kuna haja?

Ipo, tena usichelewe. Pampu hizi hufanya kazi bila lawama mpaka siku zinapogoma. Mwaka 2020 Toyota iliita magari yenye pampu za Denso, kampuni ya Kijapani ya vipuri, yarudishwe yakarekebishwe, na kufikia Machi hesabu ilikuwa takriban milioni 3.2 duniani. Pampu yenyewe imezama ndani ya tenki, na ndani yake mna kifeni cha plastiki kinachosukuma mafuta. Baadhi ya vifeni vilitengenezwa kwa plastiki isiyoshikamana vya kutosha, vikapata nyufa, vikanywa mafuta na kuvimba hadi vikagusa ukuta wa pampu. Hapo injini huanza kukohoa, taa ya onyo huwaka, au gari huzima likiwa mwendoni na kukataa kuwaka tena. Kuzimikiwa mbele ya nyumba yako ni usumbufu. Kuzimikiwa kwenye barabara kuu, lori likiwa nyuma yako, ni habari nyingine kabisa. Na kifeni hicho hakuna anayekiona, hata fundi, mpaka pampu itolewe na kufunguliwa.

Gharama ni za nani?

Za mtengenezaji, kifaa na ufundi. Marekani sheria inadai matengenezo hayo yawe bure mradi gari halijapita miaka 15 tangu lilipouzwa kwa mnunuzi wa kwanza. Kama ulishabadilisha kifaa hicho kwa pesa zako kabla ya tangazo, tafuta risiti. Mara nyingi huwa kuna utaratibu wa kurudishiwa.

Gari nimelinunua likiwa limeshatumika. Barua si itakwenda kwa mwenyewe wa zamani?

Huenda ikaenda huko, kwa hiyo usiisubiri. Chukua namba ya chesisi, iliyo kwenye kadi ya gari na mara nyingi pia chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa magari yaliyouzwa Marekani, tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, inatosha. Usiridhike na jina la gari na mwaka, kwani magari mawili yanayofanana kila kitu yanaweza kuwa na pampu tofauti. Angalizo: namba hiyo huwa na tarakimu na herufi 17, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, na tovuti ya Marekani haitaitambua. Tafuta kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji.

Ndani ya gari kunanuka petroli. Niendeshe hadi kwa wakala?

Hapana. Zima injini, shukeni wote, gari livutwe. Wala usipapase mabomba kutafuta panapovuja: mafuta husukumwa kwa shinikizo kubwa, na kwenye injini za kisasa za dizeli linaweza kupita bar 2,000, na mafuta yakichomoka hapo hupenya ngozi.

Wameweka programu mpya tu kwenye kompyuta ya gari, nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini ni zilezile. Nimedanganywa?

Hujadanganywa, ila manung'uniko yako nayaelewa. Mwaka 2022 Ford iliita zaidi ya magari 500,000 Marekani, yenye injini ya lita 1.5, kwa sababu nozeli zingeweza kupasuka na mafuta kudondokea sehemu zenye moto. Dawa ikawa programu ya kugundua shinikizo likishuka, pamoja na bomba la kuyaelekeza mafuta mbali na joto. Kwa maoni yangu, kugundua uvujaji si kuziba ufa. Mwaka 2025 Ford ililazimika kuyaita tena magari ya aina hiyo kwa tatizo la nozeli hizohizo. Kwa hiyo hifadhi karatasi ya kazi iliyofanyika, na uangalie namba yako ya chesisi upya kila baada ya miezi michache.

Fundi wangu anasema atanifungia pampu ya dukani, tusihangaike na wakala.

Muulize hiyo ya dukani imetoka toleo gani, maana huenda nayo ni ya toleo lilelile lenye kasoro. Akishindwa kujibu, nenda kwa wakala.