Gusa mbele ya sikio kabla ya kufungua kipimo

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya macho, haya niliyajifunza kwa gharama ya wagonjwa. Sitaki nanyi myajifunze hivyo.

Kipimo cha haraka cha jicho jekundu kinajibu swali moja tu: je, virusi vya adeno, kundi la virusi linaloleta macho mekundu, vipo? Bakteria hakiwajui, mzio hakiujui, wala virusi vya aina nyingine hakivioni. Macho mekundu yanayovilia damu mara nyingi huletwa na virusi vingine, enterovirusi 70 au Koksaki A24, na hapo mstari mwekundu wa jibu chanya hautatokea hata jicho liwe limevimba namna gani. Kwa hiyo wakati wa mlipuko, kama ule wa Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, jibu hasi si ruhusa ya kumrudisha mwalimu darasani.

Anza na vidole. Gusa mbele ya sikio upande wa jicho lililotangulia kuugua. Tezi iliyovimba na kuuma inaelekea kwenye virusi. Uliza nani mwingine nyumbani ana macho mekundu. Vuta kope la chini: punje zinazong'aa kama wali, pamoja na machozi mengi, zinaelekea huko huko. Ukishakuwa na swali, ndipo ufungue pakiti.

Sampuli ndiyo inayoharibu majibu mengi. Kuchovya machozi yanayotiririka shavuni hakutoshi. Gusisha kifaa ndani ya kope la chini mara 6 hadi 8, sehemu tofauti, kisha kiache kimetulia hapo sekunde 5. Subiri dakika 10 kamili. Mstari wa buluu, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, rudia.

Na mstari mwekundu hafifu ni chanya. Niliwahi kuuona umefifia, umekatika upande mmoja, nikaandika hasi. Mgonjwa alikuwa mama ntilie. Siku ya nne alirudi na mwanawe na jirani yake, wote macho yamevimba. Tangu hapo kila kipimo nakisogeza kwenye mwanga kabla sijaandika neno.

Mzio una habari yake. Japani wana karatasi ya kupima IgE, kingamwili ya mzio, kwenye machozi. Sisi tuna darubini, rangi ya Giemsa ya kupaka seli na macho yetu, na mara nyingi yanatosha. Mtoto mwenye mzio hafichiki: anafikicha tangu mlangoni, ute wake unavutika kama uzi, weupe wa jicho umekuwa kahawia. Geuza kope la juu, usiogope kilio. Vinundu vipana vilivyobanana hapo vinaeleza mengi. Ukikwangua taratibu baada ya matone ya ganzi na kuona eosinofili, seli nyeupe za damu zinazohusiana na mzio, hata chache, zina maana, kwa sababu jicho lisilo na ugonjwa halina. Usipoziona, usiufute mzio.

Huyu mtoto ndiye anayeniumiza roho. Mama yake hununua matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi, duka la dawa, muwasho unapoa siku mbili, basi chupa inarudiwa mwaka mzima. Presha ya jicho inapanda kimyakimya, au mtoto wa jicho anaanza akiwa darasa la tatu. Kila mzazi aje na chupa zote alizowahi kutumia, hata tupu. Umuulize bila kumkaripia, la sivyo atazificha.

Virusi vya adeno havina utando wa mafuta, kwa hiyo spiriti peke yake usiiamini. Ncha ya kupimia presha ya jicho iloweke kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, isuuze sana, ikauke. Klorini iliyobaki inaunguza kioo cha jicho. Futa pia sehemu ya mashine anapowekea mgonjwa kidevu, kitasa cha mlango na kalamu mliyompa asainie. Mwenye jibu chanya mpe kiti cha peke yake, taulo lake asilichangie na mtu, na mwambie anaweza kuambukiza hadi wiki 2.