Kisanamu cha mieleka kipimwe kwa pigo la mwenyewe

Tathmini nyingi za visanamu vya mieleka hufuata njia moja: boksi linaelezwa, sura inasifiwa, picha tatu zinabandikwa, kisha nane kwa kumi. Msomaji anayetaka kutoa pesa zake bado hajui kama kitu chenyewe kinaweza kusimama. Mwanamieleka hujulikana kwa sura yake na kwa anachokifanya ulingoni, na kisanamu chake kipimwe kwa hayo mawili. Hulk Hogan asiyeweza kuweka kiganja sikioni kusikiliza umati ni mzee mwenye masharubu tu.

Kabla ya kupima, jua umeshika kazi ya nani. Vya LJN, vilivyotoka Marekani kati ya 1984 na 1989, ni mpira mtupu, vizito, kama sentimita 20, wala havina kiungo hata kimoja. Hasbro walishika zamu 1990 hadi 1994 kwa plastiki ngumu ya sentimita 11 na ushei, yenye springi ndani: unabonyeza au unavuta, mkono unapiga. Jakks Pacific wakafuata, wakaendelea hadi 2009. Tangu 2010 visanamu vya WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ni vya Mattel, na madaraja yake makuu, kutoka la chini hadi la juu, ni Basic, Elite na Ultimate Edition. AEW, kampuni pinzani ya WWE, walianza kutengenezewa na Jazwares 2020. Kila kimoja kihukumiwe ndani ya daraja na zama zake. Kumlaumu LJN kwa kukosa kiwiko ni kulaumu mkokoteni kwa kukosa gia.

Jina la mtengenezaji hubonyezwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo, mara nyingi mgongoni, kwenye paja au chini ya buti. Limulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, si kutoka juu, herufi zitajitokeza. Mwaka unaousoma pale mara nyingi ni wa haki za kalibu, si wa toleo, na kalibu moja hutumika miaka mingi. Anayeuza kitu kwa kuapia mwaka ule ama hajui au anajua sana. Mtego mwingine ni safu ya Retro ya Mattel iliyoanza 2017. Iliiga Hasbro kwa umbo na ukubwa, na kwa picha ya simu mtu anaweza kuuziwa mtoto kwa bei ya babu. Hapo dai picha ya maandishi.

Kisha urefu. Usinakili kilichoandikwa kwenye tangazo. Chukua rula, pima kutoka wayo hadi utosini, nywele zilizosimama usizihesabu. Namba moja peke yake haisemi kitu, linganisha wawili. Rey Mysterio hutangazwa kwa sentimita 168 na Undertaker kwa 208. Mieleka hutia chumvi kwenye urefu, lakini imewatilia wote. Rey basi ni kama asilimia 81 ya Undertaker: ukipata Undertaker wa sentimita 18.5, Rey wa safu hiyohiyo awe karibu na 15. Akifika 16.5, kapewa miguu ya mtu mwingine. Watengenezaji hurudia kalibu za mikono, vifua na miguu ili kupunguza gharama, na rula ndiyo inayowaumbua. Dalili nyingine ni pedi ya goti iliyochongwa kwa mtu asiyevaa pedi, ikapakwa rangi ya ngozi ili isionekane.

Boksi lisikuchukulie muda. Sema kama kona zimekunjika, kama plastiki angavu ina ufa au imeachana na kadi, na kama kisanamu kimefungwa kwa kamba ngumu zilizobana vifundo vya miguu. Hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu miguu iliyobanwa miezi hutoka imepinda. Kwa AEW piga picha ya stika ya matoleo adimu, ile inayosema kimoja kati ya 500, 1000, 3000 au 5000. Kikishatolewa kwenye boksi, ushahidi unaobaki ni rangi ya vazi, na vazi hubadilishwa.

Sasa uso. Visanamu vya siku hizi vina nyuso zilizochapishwa kwa nukta ndogondogo, hazikupakwa kwa brashi. Macho yakiwa hai, ndiyo kazi yake. Macho yakiwa ya mlevi, mara nyingi mchongaji hana kosa, chapa imeteleza. Tumia kioo cha kukuzia: mboni ikae katikati ya jicho lililochongwa, na nyusi zikae juu ya mfupa wake. Kuteleza kwa nusu milimita tu kunatosha kumfanya mtu aonekane anachungulia pembeni. Kasoro hii hutofautiana kati ya kimoja na kingine kwenye shehena ileile, kwa hiyo ukiikuta iandike kama hali ya kisanamu ulichoshika, usiitwike toleo zima. Wanaonunua dukani waambie wapange vitatu au vinne kwenye rafu na kuchagua chenye macho yaliyotulia.

Viungo ndipo tathmini nyingi hufa. Kuhesabu viungo na kuandika “ana viungo 25” hakumsaidii mtu. Andika kila kimoja kinafika wapi. Kipimapembe cha mkebe wa hesabu wa mtoto kinatosha: piga picha kisanamu kikiwa ubavu, kipimapembe nyuma yake, usome nyuzi.

Anza na kiwiko. Visanamu vingi vya Elite vina bawaba moja pale, na bawaba moja huishia karibu na nyuzi 90. Kwa nyuzi 90 mkono haufiki usoni. Maana yake John Cena hawezi kupunga kiganja mbele ya macho yake, na Hogan hasikilizi umati. Bawaba mbili, kama zile za Ultimate Edition, hukunja mpaka mkono wa chini ukaribie ule wa juu, na hapo ndipo bei yake inapoanza kueleweka. Kwa mwanamieleka asiyehitaji kiwiko hicho, tofauti ya bei ni ya vichwa na viganja vya akiba. Sema hivyo wazi.

Paja lifike nyuzi 90 mbele. Undertaker anajulikana kwa kulala chali na kuinuka ghafla akakaa. Asipoweza kukaa wima bila kuegemea mikono, hilo ni pungufu kubwa kuliko rangi yoyote iliyovuja. Angalia kinachozuia: mara nyingi bawaba ina nafasi, ila koti refu la plastiki au bukta iliyochongwa kwa mpira mgumu ndiyo inayogonga.

Shingo nayo ina adui wake, nywele. Kichwa chenye kiungo cha mpira wa kuzunguka kinaweza kutazama juu, lakini nywele ndefu zikigusa mabega kinakwama. Roman Reigns na Undertaker wa nywele ndefu mara nyingi hutazama mbele tu. Bonyeza nywele kwa kidole: zikiwa laini, maji moto yatasaidia, zikiwa ngumu, ndivyo ulivyouziwa.

Kwa Rey Mysterio, usiishie kumkunja. Funga kamba ya milimita 2 au 3 kati ya miguu ya kiti, ujaribu kumshikiza kwa viganja kama anavyozungukia kamba za ulingo kwenye pigo lake. Vidole vilivyochongwa vimekunjwa sana havipokei kamba, vilivyo wazi sana havishiki.

Kusimama kuna vipimo viwili. Kwanza, mweke kwenye vigae au kioo, miguu upana wa mabega, umwache saa 24. Anayeinama polepole ana vifundo laini, na joto la mchana huzidisha. Pili, msimamishe juu ya kitabu chenye jalada gumu cha urefu wa sentimita 30, inua ncha moja kwa sentimita 2.5. Huo ni mteremko wa nyuzi 5 hivi. Anayeanguka hapo, rafu ikitikiswa na mlango ataangusha na wenzake.

Kiungo kilichokwama kisilazimishwe. Huwa kimekwama kwa sababu rangi imeingia kati ya pini na tundu ikawa gundi, na pini ni nyembamba kuliko mkono unaoukamata, kwa hiyo ukisokota, pini ndiyo inayokatika. Ukiona plastiki inageuka nyeupe karibu na kiungo, acha papo hapo. Hiyo ni plastiki inayochanika. Chemsha maji, yaache dakika tatu hadi tano yatoke kwenye mchemko, zamisha kiungo kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kisogeze mbele na nyuma kidogokidogo. Tone la mafuta ya silikoni husaidia. Mafuta ya kupikia yasikaribie: huganda, hunata, hukusanya vumbi.

Mguu uliopinda hutibiwa kwa maji hayohayo: ukilainika unaunyoosha, unaushikilia, unauingiza kwenye maji ya barafu kwa dakika nzima. Wengi hukosea hapa kwa kuutoa haraka, ukarudi ulikokuwa. Uso uliochapishwa, nguo na stika zisiingie kwenye maji moto.

Kiungo kilicholegea kinataka utando mwembamba wa gundi nyeupe ya maji kwenye mpira wa kiungo, huku ukikisogeza kila dakika chache kikikauka ili kisishikamane. Gundi kali ya haraka iache dukani. Hata kiondoa rangi ya kucha kisiguse kitu hiki. Asetoni yake inakula rangi na plastiki pamoja. Na kama umetibu kitu chochote kabla ya kukipa alama, msomaji aambiwe.

Vifaa vipewe aya yao. Mkanda wa ubingwa ubane kiuno bila kuteleza, na pini zake zisiwe nyembamba kiasi cha kukatika mara ya tatu. Lakini usiache mkanda wa mpira laini kiunoni miaka na mikaka. Kinachoulainisha mpira ule huhamia kwenye plastiki ya mwili na kuacha alama isiyofutika. Fulana nyeusi za kitambaa nazo huchuja rangi kwenye ngozi nyeupe. Vua, hifadhi kando.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Muscat, joto na unyevu vina habari zake. Plastiki laini hutoa unyevunyevu unaonata, na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa huzidisha. Oshea maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki laini, kisha ikauke siku nzima kivulini. Unata utarudi baada ya muda kwa sababu chanzo kimo ndani ya plastiki yenyewe, unaosha tena. Kadi nazo hukunjamana na gundi ya plastiki angavu huachia, kwa hiyo kilichofungwa kisiegemezwe kwenye ukuta unaolia maji.

Vya zamani vina ukaguzi wake. LJN huchubuka palipoinuka: pua, viwiko, ncha za buti, mkanda. Rangi iliyo safi kabisa sehemu hizo, huku mgongo umechoka, imepakwa upya. Hasbro usimzamishe majini hata kidogo, springi ya chuma imo ndani na itashika kutu. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Jaribu pigo lake mara mbili tatu, usimchoshe. Mkono unaorudi nusu ya njia una springi iliyolegea, na kuifikia springi hiyo ni kumpasua mwenyewe.

Kuna Hasbro mmoja ambaye msomaji wa Kampala atamtazama mara mbili: Kamala, aliyetangazwa kama Jitu la Uganda ingawa James Harris aliyemwigiza alikuwa Mmarekani wa Mississippi. Aliyeuzwa madukani ana nyota tumboni. Sampuli za majaribio zilikuwa na mwezi, na ni adimu mno. Ukiletewa mwenye mwezi, dhania kwanza brashi ya mtu. Tazama kwa kioo cha kukuzia: rangi iliyofunika mkwaruzo wa zamani imekuja baada ya mkwaruzo.

Picha hazihitaji kamera ya bei. Karatasi ya kijivu iliyokunjwa nyuma bila kona, taa mbili za mezani pande zote zikifunikwa kwa karatasi nyeupe, simu ikae sentimita 50 au 60 mbali ukitumia zumu ya mara mbili. Ukisogea karibu mno pua hufura, na msomaji atalaumu mchongaji kwa kosa la lenzi. Kamera iwe usawa wa macho ya kisanamu. Weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane, na piga mgongo na nyayo pia, kwani ndiko rangi zinakofanywa kwa haraka.

Alama zenyewe ziandikwe mara mbili: siku ya kwanza, na baada ya wiki akiwa rafuni kwenye pozi lake. Siku ya saba mtoe, mrudishe wima, upime tena kifundo cha mguu na nyonga. Kilichoshuka kati ya siku hizo mbili kiandikwe juu kabisa ya tathmini, kabla ya picha ya kwanza.