Profesa kanipa nusu saa ya simu

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Uyole, Mbeya. Nimemaliza shahada ya uzamili SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Utafiti wangu ulihusu ugonjwa wa bakajani chelewa kwenye viazi mviringo. Sasa natafuta nafasi ya uzamivu, na profesa mmoja wa Wageningen, Uholanzi, amekubali tuzungumze kwa simu Alhamisi, 10:00 ya kwao, dakika 30. Kiingereza naandika vizuri, ila mdomoni kinagoma. Nikariri nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikariri kitu, anayesoma karatasi simuni hujulikana.

Kwanza, 10:00 yake si saa kumi yako. Katika majira yao ya joto tunawatangulia saa moja, kwa hiyo kwako ni saa tano asubuhi. Wakisharudisha saa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa sita mchana. Mjibu leo, utaje saa ya kwao na ya Tanzania.

Halafu tafuta mahali. Simu yangu mimi ya profesa niliipokelea Tukuyu kwa mama mdogo, mwezi wa tatu. Mvua ya Tukuyu unaijua. Ilipoanza kupiga bati nikawa nadaka neno moja moja, na kwa aibu nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Akaniuliza kati ya njia mbili za kuchukua sampuli ningechagua ipi. Nikajibu: ndiyo. Ule ukimya nausikia mpaka leo! Basi nakuruhusu kukariri sentensi moja tu kwa Kiingereza: "Samahani, sijakusikia vizuri, naomba urudie."

Kumwitikia mkubwa kila kitu ni adabu ya kwetu, lakini kwenye simu hii itakuponza. Usipojua, sema hujui, kisha mweleze ungeanzia wapi kutafuta.

Karibu hakika atakwambia: nieleze utafiti wako. Hili ndilo la kuumizia kichwa. Usianze na umuhimu wa kilimo kwa taifa. Anzia shambani: jani lenye baka la kahawia, utando mweupe chini yake asubuhi ya unyevu, mkulima alipuliza dawa mara ngapi na viazi vikaungua vilevile. Kisha ulichopima, ulichopata, na kilichokushinda. Dakika mbili zinatosha. Msimulie kwanza mtu asiyesoma kilimo, kwa Kiswahili (mimi nilimchosha fundi cherehani wangu). Akielewa, rudia kwa Kiingereza, kwa sauti, ukitembea. Mara nyingi ulimi unagoma kwa sababu wazo lenyewe halijakaa.

Makala zake usipitie kumi juujuu. Soma moja mpaka majedwali.

Nawe uwe na maswali. Anasimamia wanafunzi wangapi, na hukutana nao kila baada ya muda gani? Unaweza kuongea na mmoja wao? Ada na pesa ya kujikimu zitatoka wapi? Hilo la pesa liweke mwishoni, ila usikate simu hujaliuliza.

Bando nunua Jumatano, simu ilale kwenye chaji. Umeme wa Uyole unaujua wewe kuliko mimi. Jioni ya Alhamisi mwandikie mistari mitatu ya shukrani, ukitaja mlichokubaliana.